Bibi Titi Mohamed

Bibi Titi Mohamed (Dar es Salaam, Juni 1926 – Johannesburg, 5 Novemba 2000) alikuwa mwanasiasa wa Tanganyika, baadaye Tanzania. Ndiye mwanamke aliyejulikana kuliko wote katika harakati za kudai uhuru chini ya chama cha TANU. Aliongoza wanawake wa chama hicho tangu mwaka 1955, akawa mbunge wa Rufiji na naibu waziri, tena mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT). Mwaka 1965 wapiga kura wa Rufiji walimnyima kiti chake. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972.

Habari zake husimuliwa mara nyingi kana kwamba aliangushwa na kesi ya uhaini. Kwa kweli kesi ilimkuta ameshaanguka. Anguko la kwanza lilitokea katika sanduku la kura, miaka minne kabla ya kukamatwa, na halikuletwa na polisi wala mahakama. Kwa sababu hiyo makala hii inazieleza chaguzi za wakati wake kwa kirefu kidogo.

Utoto na ujana

Titi alizaliwa Dar es Salaam katika familia ya Kiislamu. Ukoo wake ulitoka kusini ya mji huo, kuelekea bonde la mto Rufiji. Alijifunza Kurani kama watoto wengine wa pwani, akasoma pia madarasa machache katika shule ya wasichana iliyokuja kuitwa Shule ya Uhuru. Wakati ule msichana wa mjini aliyekwisha kuvunja ungo aliwekwa ndani mpaka aolewe. Titi naye aliwekwa ndani, na alipofika umri wa miaka 14 aliozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa hiyo haikudumu. Ilimwachia binti mmoja, Halima.

Alijulikana mjini kwa sauti yake kabla ya siasa. Alikuwa msomaji wa maulidi anayealikwa nyumba kwa nyumba, na mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa vingi katika miji ya pwani, kuanzia Tanga na Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam hadi Kilwa na Lindi. Asiyeyajua maisha ya pwani anaweza kuviona kuwa vikundi vya kucheza tu. Kumbe vilikuwa na viongozi na vyeo, vilitoza michango, vilizika wafu, viliwasaidia wanachama waliofiwa au waliojifungua, na vilishindana kwa sare na nyimbo. Mwanamke aliyekiongoza kikundi kama hicho alikuwa ameshajifunza kuita mkutano, kukusanya fedha na kusuluhisha ugomvi, hata kama hakuwa na cheti cha shule.

Kuingia TANU

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954 chini ya uongozi wa Julius Nyerere, ikirithi chama cha TAA. Katika miezi ya mwanzo wanachama wake Dar es Salaam walikuwa wanaume: makarani, walimu, wafanyabiashara, madereva. Mume wa Titi wakati huo, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi. Yeye alichukua kadi namba 15, na Titi akachukua namba 16.

Mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alikuja Tanganyika na kukutana na viongozi wa TANU. Akauliza wanawake wa chama wako wapi. Swali hilo liliwaaibisha wenyeji wake, kwa kuwa kitengo cha wanawake kilikuwepo kwa jina tu. Ikabidi atafutwe mwanamke wa kukiongoza, na aliyepatikana ni Titi. Hakuwa na elimu kubwa, na hakuwa amewahi kuhutubia mkutano wa siasa. Mtaji wake ulikuwa ngoma.

Yeye na wenzake, miongoni mwao Tatu binti Mzee na Halima Hamisi, waliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mmoja baada ya mwingine. Kiongozi akikubali, kikundi chote kilimfuata. Inaelezwa kwamba katika muda wa miezi mitatu waliandikisha wanawake wapatao 5,000, idadi kubwa mno kwa mji mdogo kama Dar es Salaam ya wakati ule. Wengi wao walikuwa wanawake wa makamo, baadhi wajane au walioachwa, waliojipatia riziki kwa kuuza maandazi, vitumbua, samaki au pombe ya kienyeji. Walikuwa na senti zao wenyewe, tena hawakuwa na ajira ya serikali ya kuogopa kuipoteza. Karani wa kiserikali aliyeonekana akinunua kadi ya TANU alihatarisha kazi yake. Muuza vitumbua hakuwa na bwana wa kumfukuza. Wanawake hao ndio waliojaza viwanja kwenye mikutano, waliochangia nauli za viongozi, na waliowahifadhi wageni wa chama waliotoka bara.

Kutoka Dar es Salaam Titi alianza kusafiri, mara nyingi pamoja na Nyerere, wakipita mikoani. Sauti iliyokuwa ikiongoza maulidi sasa ilihutubia umati. Alisema Kiswahili cha mjini, chenye mizaha na mafumbo, ambacho mkulima alikielewa vyema kuliko hotuba za wasomi. Si kila mtu alifurahi. Mwanamke Mwislamu kusimama jukwaani mbele ya wanaume lilikuwa jambo geni, na nyumbani na mitaani kulikuwa na manung'uniko. Lakini katika miji ya pwani TANU ilipata pia kuungwa mkono na masheikh. Bagamoyo, kwa mfano, chama kilikuwa na mtetezi katika Sheikh Mohamed Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria, ambaye ziara zake ziliwavuta waumini kutoka mbali. Kwa hiyo njia mbili za zamani za kukusanya watu pwani, yaani tarika na ngoma, zilitumika kuipanua TANU.

Uchaguzi wa 1958: wenye kadi na wenye kura

Hapa ndipo jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Kuwa na kadi ya TANU hakukumpa mtu haki ya kupiga kura. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na masharti yake yaliwafungia nje watu wengi. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe na cheo fulani kilichotajwa na sheria. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 9, na walioandikishwa hawakufika 60,000. Wanawake wa ngoma waliokijenga chama hawakuwa na kipato hicho wala elimu hiyo, isipokuwa wachache sana.

Kulikuwa na sharti jingine zito zaidi. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyetimiza watatu, kura yake ilihesabiwa imeharibika. Wajumbe wengi wa TANU walitaka chama kisusie. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki, na chama kikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nacho. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU kwa kuupinga uamuzi huo, akaanzisha chama chake cha African National Congress.

Matokeo yaliishangaza serikali ya kikoloni. Katika Jimbo la Mashariki, lililozikusanya pamoja wilaya za Bagamoyo, Kisarawe, Rufiji, Morogoro na nyingine za jirani, Nyerere alipata kura 2,628 dhidi ya 802 za Patrick Kunambi. Mtu anaweza kuzitazama tarakimu hizo mara mbili. Eneo linaloanzia pwani ya Saadani mpaka delta ya Rufiji na kupanda hadi milima ya Uluguru lilimpata mjumbe wake kwa kura zisizofika 3,500. Hata hivyo chama kilionyesha kwamba kinaweza kuwaelekeza wapiga kura wake mpaka kwenye majina ya watu wa rangi nyingine, nao wakatii.

Wanawake waliochaguliwa katika awamu hizo mbili walikuwa watatu: Sophia Mustafa, Barbro Johansson na Lady Marion Chesham. Mmoja alikuwa Mwasia na wawili Wazungu. Hakuna hata mwanamke mmoja Mwafrika aliyechaguliwa, ingawa wanawake Waafrika ndio waliokuwa mgongo wa chama. Titi aliendelea kuzunguka na kuhutubia.

Mbunge na naibu waziri

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Ilitosha mtu kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75. Walioandikishwa wakafika kama 885,000. Lakini wengi wao hawakupata nafasi ya kupiga kura, kwani kati ya viti 71, viti 58 vilikuwa na mgombea mmoja tu, naye alikuwa wa TANU. TANU ilipata viti 70, na kiti kilichobaki kilichukuliwa na mwanachama wake aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama.

Katika bunge lililotokana na uchaguzi huo Bibi Titi aliiwakilisha Rufiji. Yeye na Lucy Lameck wa Moshi walikuwa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kuketi humo. Walikuwa watu wa namna mbili tofauti: Lameck alikuwa msichana wa kisomo aliyepitia vyuo vya Uingereza, na Titi alikuwa mama wa mjini ambaye shule yake ilikuwa baraza na uwanja wa ngoma. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 Titi aliteuliwa kuwa naibu waziri katika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, kazi iliyomhusu sana kwa kuwa ndani yake mlikuwa na elimu ya watu wazima na vikundi vya wanawake vijijini.

Julai 1962 Dar es Salaam ilipokea mkutano wa wanawake wa Afrika uliozaa umoja wao wa bara zima, na mwaka huohuo vyama mbalimbali vya wanawake nchini viliunganishwa kuwa UWT. Titi akawa mwenyekiti. Alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, na mjumbe wa Kamati Kuu ya TANU. Kwa vyeo hivyo vyote alikuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko mwingine yeyote nchini. Vyeo hivyo pia vilimweka Dar es Salaam na katika safari za nje ya nchi kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Uchaguzi wa 1965

Mwaka 1965 nchi ilipata katiba ya chama kimoja. Watu wengi hudhani kwamba chama kimoja maana yake ni uchaguzi usio na uchaguzi. Kwa wabunge wa Tanzania ilikuwa kinyume. Miaka mitano nyuma wengi wao walipita bila kupingwa kwa sababu hakukuwa na chama chenye nguvu cha kuwapinga. Sasa walipingwa na watu wa chama chao wenyewe.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura watu waliojitokeza kuomba kugombea, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa iliteua wawili kwa kila jimbo. Wagombea hao hawakuruhusiwa kufanya kampeni kila mmoja kivyake. Walipanda jukwaa moja, chini ya usimamizi wa chama, wakisema kwa zamu. Ilikatazwa kutumia fedha zao, ilikatazwa kugusa kabila, dini au rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba anaungwa mkono na Rais. Ili wasiojua kusoma wapate kuchagua, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wagombea waligeuza alama hizo kuwa hoja, jambo lililowafurahisha wasikilizaji: wa jembe alisema hakuna chakula pasipo jembe, na wa nyumba alijibu kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani.

Sharti la kusoma lilikuwa limeondolewa, na pia la kipato. Zaidi ya watu milioni 3 walijiandikisha. Sasa mama muuza samaki wa Bagamoyo na mkulima wa mpunga wa Rufiji walikuwa na kura sawa na karani wa Dar es Salaam, tena kura yenye watu wawili wa kuchagua. Kura ya Rais ilikuwa ya ndiyo au hapana, na Nyerere alipata zaidi ya kura milioni mbili na nusu za ndiyo. Ile ya wabunge ilikuwa na ukali wake. Kati ya majimbo 107, ni machache tu yaliyokuwa na mgombea mmoja. Mawaziri wawili walishindwa. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, waziri wa fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba, aliyekataliwa huko Mwanza. Naibu mawaziri sita walishindwa. Bibi Titi alikuwa mmojawapo.

Waliochunguza uchaguzi ule waliona kwamba wapiga kura hawakuwa wakiikataa TANU wala Nyerere. Walikuwa wakimpima mbunge wao kwa mambo ya karibu: barabara, visima, zahanati, bei ya mazao, na zaidi ya yote, mara ngapi amefika kuwasikiliza. Mtu mwenye cheo kikubwa hakupata nafuu, maana cheo ndicho kilichomweka mbali. Rufiji ilikuwa wilaya ngumu kufikika. Mafuriko yaliikata kila mvua zilipokuwa nyingi, barabara yake ilikuwa mbovu, na vijiji vilitawanyika kando ya mto na katika delta. Mbunge aliyeishi Dar es Salaam, aliyekuwa na wizara, UWT na mikutano ya nje, alikuwa na kazi kubwa ya kuonekana huko. Jina lililoijaza Mnazi Mmoja halikutosha Utete.

Ni vibaya pia kulieleza jambo hili kana kwamba wapiga kura walimkataa kwa kuwa ni mwanamke au kwa ukaidi tu wa kijijini. Katika uchaguzi uleule, Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro, na Derek Bryceson, Mzungu, alichaguliwa Dar es Salaam, wote wawili wakipigiwa kura na Waafrika kwa wingi. Lucy Lameck naye alibaki katika siasa za kitaifa kwa miaka mingi baadaye. Wapiga kura hawakuwa na kanuni moja. Kila jimbo lilikuwa na hesabu yake.

Kulikuwa na tofauti moja iliyoumiza. Bomani, aliyeshindwa kama Titi, alirudishwa bungeni kwa uteuzi wa Rais na kupewa wizara nyingine. Bibi Titi hakurudishwa. Alibaki na UWT na kiti chake katika Kamati Kuu, lakini bungeni alikuwa ametoka moja kwa moja. Mtaalamu wa uchumi alionekana hana mbadala. Mhamasishaji, baada ya uhuru kupatikana, alionekana kazi yake imekwisha. Serikali iliyokuwa ikijengwa ilihitaji watu wa mafaili, na Titi hakuwa mtu wa mafaili.

Azimio la Arusha na kujiuzulu

Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi yaliyomo yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha. Viongozi wengi walitafuta njia za kuyazunguka masharti hayo, kwa mfano kuandika mali kwa majina ya watoto. Titi alikuwa na nyumba za kupangisha na hakukubali kuziacha. Kwa mwanamke wa mjini asiye na pensheni wala elimu ya kumpatia kazi, nyumba ilikuwa ndiyo akiba ya uzeeni, na wanawake wengi wa Kariakoo na Ilala waliishi kwa kodi ya vyumba viwili vitatu. Alijiuzulu katika Kamati Kuu, na uongozi wa UWT nao ukamtoka.

Mwaka huohuo Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa TANU na rafiki wa Titi kisiasa, aliondoka nchini kwenda London. Mwishoni mwa 1968 serikali iliipiga marufuku EAMWS. Katika muda wa miaka mitatu Titi alikuwa amepoteza kila jukwaa alilokuwa nalo.

Kesi ya uhaini

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, waziri wa zamani wa kazi, na watu wengine kadhaa, wakiwemo maofisa wa jeshi. Walishtakiwa kwa kupanga kuipindua serikali. Kambona alitajwa kuwa kinara wa njama hiyo akiwa uhamishoni. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAC cha Afrika Kusini, aliyesema kwamba alishirikishwa katika mpango huo na kuutolea taarifa serikalini.

Kesi ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mwanasheria kutoka visiwa vya Karibi. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu uhuru, na watu waliifuatilia siku hata siku. Mapema mwaka 1971 mahakama ilimkuta Bibi Titi na hatia na kumhukumu kifungo cha maisha. Yeye mwenyewe aliikana hatia wakati wa kesi na hata baadaye.

Hakukaa gerezani maisha. Mwaka 1972 Nyerere alimsamehe, akatoka akiwa na umri wa miaka 46.

Miaka ya ukimya

Alirudi Dar es Salaam bila cheo na bila sehemu kubwa ya mali yake. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Baadhi ya marafiki wa zamani walimkwepa kwa hofu. Kwa karibu miaka 20 jina lake halikutajwa sana katika vitabu vya shule wala katika sherehe za taifa. Kizazi kilichosoma miaka ya 1970 kilijifunza historia ya TANU ambayo ndani yake wanawake walikuwa kundi lisilo na majina. Yeye aliishi kimya na jamaa zake, akihudhuria harusi, hitima na maulidi kama mama yeyote wa mjini.

Katika miaka ya 1980 mtafiti Mmarekani Susan Geiger alianza kukusanya kumbukumbu za wanawake wa TANU, na Titi alimsimulia maisha yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997, nacho kiliirudisha hoja kwamba uzalendo wa Tanganyika haukutengenezwa na wasomi peke yao. Kabla ya hapo, mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilikuwa limeshamtaja kuwa shujaa wa uhuru. Barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam, ipitayo kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja alikowahi kuhutubia, ina jina lake.

Wakati wa uhai wake uwakilishi wa wanawake bungeni ulibadilika pia kwa sheria. Viti maalum vya wanawake, ambavyo mwaka 1985 vilikuwa 15, viliongezwa hadi kufikia asilimia 20 ya wabunge katika uchaguzi wa mwaka 2000. Wanaoingia kwa njia hiyo hawana jimbo la kuwahoji kama Rufiji ilivyomhoji Titi, na mjadala kuhusu jambo hilo haujaisha.

Kifo

Mwaka 2000 afya yake ilidhoofika akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, juma moja baada ya Tanzania kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi.